SOMO LA UFUNDI: Kuifanya Upya Injini ya Volkswagen Inayopozwa kwa Hewa

Katika skimu za makazi za upande wetu, tangu Mweiga na Endarasha mpaka Naro Moru, yako magari ya zamani ya Volkswagen, yale yenye mgongo kama wa kobe. Mengine hutembea bado. Mengine yamelala bandani pamoja na magunia na majembe, kwa sababu injini ilikufa na hakuna aliyeishughulikia. Mwenye gari hujiuliza: je, nitumie fedha za maziwa na viazi kulifufua, au niliuze kwa kilo kama chuma chakavu?

Swali hilo si dogo. Gari lisilotegemewa ni hasara kuliko kukosa gari. Likikuachia njiani asubuhi, maziwa huharibika kabla ya kufika mahali pa kupokelewa. Likikataa kuwaka usiku, mgonjwa hakai kungoja. Kwa hiyo somo hili halifundishi kuifanya injini ing'are ili watu waitazame. Linafundisha kuifanya iwake kila siku, ipande mlima na mzigo wake, na irudi nyumbani.

Gari lenyewe si dhaifu. Volkswagen ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, mwaka 1957 na mwaka 1962. Mwaka huo wa 1962 madereva walikuwa Tommy Fjastad na Bernhard Schmider, na ndio mwaka ambao mpango wa Ekari Milioni ulianza kuwagawia wakulima mashamba. Gari la mwisho la namna hii lilitoka kiwandani huko Mexico tarehe 30 Julai 2003, baada ya magari zaidi ya milioni 21 kutengenezwa. Kwa kuwa yalikuwa mengi hivyo, vipuri vyake vingi hutengenezwa mpaka leo.

1. IJUE INJINI YAKO

Injini hii haina rejeta wala maji. Ina silinda 4 zilizolala, mbili upande huu na mbili upande ule. Feni kubwa huzungushwa na mkanda pamoja na dainamo. Feni huvuta hewa na kuisukuma ndani ya nyumba ya bati iliyo juu ya injini. Mabati huigawa hewa hiyo, ikapita katikati ya mapezi ya silinda na hedi, kisha ikatoka chini ikiwa ya moto.

Fikiri mfereji wa kunyweshea shamba. Maji hutoka mtoni, lakini yasipoongozwa na kingo za mfereji hayafiki kwenye kabichi za mwisho. Feni ndiyo mto, na mabati ndiyo kingo. Bati moja likikosekana, hewa humwagika kando na silinda moja hukauka, yaani huungua.

Silinda ambayo kwa kawaida hupata taabu kwanza ni ya 3, iliyo upande wa kushoto mbele. Katika injini za zamani kipoza oili kimesimama ndani ya nyumba ya feni, juu ya silinda hiyo, kikaizuilia hewa. Kuanzia magari ya mwaka 1971, kiwanda kilikisogeza kipoza oili kwenye chumba chake chenyewe. Ukipata nyumba ya feni ya namna hiyo mpya pamoja na mabati yake yote, inafaa sana.

Tena kumbuka mahali tunapoishi. Mji wa Nyeri uko karibu mita 1,750 juu ya bahari, na Nanyuki karibu mita 1,950. Katika mwinuko wa mita 2,000 hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu 1 katika 5. Basi injini hupoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho, na feni nayo husukuma hewa chache zaidi ya kupoza. Kosa dogo ambalo mtu wa pwani angelivumilia, huku mlimani hulipiwa mapema.

2. PIMA KABLA YA KUFUNGUA

Usikubali injini ifunguliwe kabla haijapimwa. Vipimo viwili havina gharama kubwa.

Kwanza, mchezo wa krenki. Zima injini, shika puli ya nyuma kwa mikono miwili, uivute na kuisukuma. Mchezo unaotakiwa ni milimita 0.07 mpaka 0.13, ambao mkono hauusikii vizuri. Ukisikia "tok, tok", mchezo umepita kiasi, na injini haina budi kufunguliwa.

Pili, mgandamizo wa silinda. Injini ikiwa na joto, toa plagi zote 4, fungua kabureta kabisa, kisha pima kila silinda kwa geji huku mwenzako akizungusha injini kwa starta. Namba za vitabuni ni za usawa wa bahari. Huku kwetu zipunguze karibu sehemu 1 katika 5. Lakini lililo kubwa ni kulinganisha. Kama tatu zinasoma 100 na moja inasoma 60, ugonjwa uko kwenye hiyo moja. Tia kijiko kidogo cha oili katika silinda hiyo, upime tena. Namba ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, ni valvu.

Andika matokeo daftarini. Pengine utaona ya kuwa hedi moja tu ndiyo mbovu, ukaokoa fedha nyingi.

3. KUFUNGUA NA KUOSHA

Toa kwanza waya wa betri. Injini imeshikwa kwenye giaboksi kwa bolti 4 tu, nayo hushushwa chini kwa jeki, gari likiwa limeinuliwa na kuegemezwa juu ya stendi imara. Usitegemee jeki peke yake wakati mtu yuko chini ya gari.

Weka makopo ya kuhifadhia nati, na kila kopo liandikwe. Usitupe bati lolote, hata likiwa na kutu, hata kama fundi anasema halina kazi. Mabati madogo yaliyo chini ya silinda, karibu na mirija ya fito za valvu, ndiyo hupotezwa mara nyingi. Nayo ndiyo yanayoibana hewa ipite upande wa chini wa silinda.

Ikiwa gari lililala bandani muda mrefu, fungua nyumba ya feni utazame ndani. Panya hupenda kujenga kiota humo. Majani, manyoya na mahindi makavu yakiziba mapezi, injini mpya itaungua kama ya zamani.

Osha vyuma kwa mafuta ya taa, mbali na moto na sigara. Bloki, yaani mwili wa injini, ni ya madini ya magneziamu. Vumbi lake na vipande vyake vinavyotoka kwenye mashine huwaka vikali, na moto wake hauzimwi kwa maji. Weka mchanga mkavu karibu. Ng'oa vizibo vya njia za oili ndani ya bloki, uzipulize kwa upepo wa kompresa mpaka utoke msafi upande wa pili. Mchanga uliobaki katika njia hizo huua beringi mpya katika muda mfupi.

4. PIMA, NDIPO UNUNUE

Hapa ndipo fedha hupotea. Watu wengine hununua pistoni mpya, wakazifunga juu ya bloki iliyokwisha, na baada ya miezi michache warudi walipoanza. Fuata utaratibu huu: bloki kwanza, krenki ya pili, hedi ya tatu, silinda na pistoni mwisho.

Bloki. Tazama nyufa, hasa karibu na flaiwili na nyuma ya silinda ya 3. Tazama vitanda vya beringi kuu. Kama vimepanuka, yataka vichongwe upya kwa mstari mmoja katika karakana yenye mashine, halafu vitiwe beringi za saizi kubwa. Tazama pia studi za hedi. Kama zimeng'oka pamoja na nyuzi, tundu litobolewe na kutiwa mkebe wa chuma wenye nyuzi mpya. Bloki yenye ufa usiitie fedha, tafuta nyingine.

Krenki. Ipimwe kwa mikromita na mtu mwenye kujua. Ikisagwa, beringi ziwe za saizi hiyo hiyo iliyosagwa.

Hedi. Tafuta nyufa kati ya viti vya valvu na tundu la plagi. Badili valvu zote za kutolea moshi, hata kama zinaonekana nzima, kwa kuwa valvu ikikatika kichwa hutoboa pistoni na kazi yote huharibika. Miongozo ya valvu ikicheza, itiwe mipya.

Silinda na pistoni. Hizi hununuliwa pamoja kama seti. Injini ya 1200 huchukua pistoni za milimita 77, na ya 1600 za milimita 85.5. Usitamani pistoni kubwa zaidi ya hizo za kiwandani. Nguvu zaidi ni joto zaidi, na kazi yetu ni kupunguza joto. Nafasi kati ya pistoni na silinda iwe milimita 0.04 mpaka 0.06, na mwanya wa ringi za juu milimita 0.30 mpaka 0.45. Pistoni zisipitane uzito kwa zaidi ya gramu 10. Mizani ya dukani yaweza kukuonyesha.

Ukiisha kupima, andika orodha mbili: vipuri vya kununua, na kazi ya karakana. Waulize wauzaji wasiopungua watatu. Nairobi, mahali kama Kirinyaga Road, maduka ya vipuri yamepangana. Jumlisha, kisha weka jumla hiyo kando ya mambo mengine ya shamba: mbolea, karo, mtamba mwenye mimba. Ukiona fedha hazitoshi kumaliza, afadhali ungoje msimu mwingine. Injini iliyofungwa nusu mpya nusu kuukuu ni fedha zilizotupwa.

5. KUFUNGA

Kazi hii haitaki haraka wala vumbi. Tandika gazeti safi, na kila beringi ipakwe oili.

Alama za gia zisikosewe: alama moja ya gia ya kemshafti ikae katikati ya alama mbili za gia ya krenki. Kila beringi kuu ikae juu ya pini yake. Pande mbili za bloki hazina gasketi; zipake dawa ya kuzibia isiyogandamana, nyembamba sana, bila uzi.

Nati zikazwe kwa spana yenye geji. Kipimo chake ni kilo-mita, yaani nguvu ya kilo 1 ikivuta mwisho wa spana ya urefu wa mita 1:

Nati kubwa 6 za bloki: 3.5
Nati ndogo za bloki: 2.0
Nati za konrodi: 3.3
Nati za hedi, studi nene za milimita 10: 3.2
Nati za hedi, studi nyembamba za milimita 8: 2.5
Nati ya flaiwili: 30

Kaza kidogo kidogo, ukianza katikati na kwenda nje. Baada ya kukaza kila nati kubwa, zungusha krenki kwa mkono. Ikigoma, simama. Usiongeze nguvu. Beringi moja haikukaa juu ya pini yake.

Mshale wa juu ya pistoni uelekee flaiwili. Mchezo wa krenki uwekwe kwa pete 3 nyembamba nyuma ya flaiwili, ukichagua unene mpaka upate kipimo tulichotaja. Nati ya flaiwili hukazwa sana. Mtu wa kilo 60 akining'inia kwenye bomba lililolala sawasawa, nusu mita kutoka kwenye nati, hutoa kilo-mita 30 kamili.

Nafasi ya valvu iwe milimita 0.15, kuingiza na kutoa moshi. Pima injini ikiwa baridi kabisa, afadhali alfajiri. Katika injini za zamani sana tazama kibandiko kwenye nyumba ya feni, maana vipimo vyake vyaweza kuwa tofauti.

6. RUDISHA MABATI YOTE

Hii ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote, nayo ndiyo huamua kama injini itadumu. Kabla ya kuinua injini, hesabu:

Mabati ya juu ya silinda, pande mbili.
Mabati madogo ya chini, kati ya mirija ya fito.
Thamostati na milango yake ndani ya nyumba ya feni. Thamostati hufungua milango hewa inayotoka kwenye silinda ikipata joto la digrii 65 mpaka 70. Baridi ya asubuhi ya Naro Moru ni kali, na injini inayochelewa kupata joto hulika upesi. Thamostati ikiwa mbovu na huna nyingine, milango ibaki wazi kabisa, isiachwe ikajifunga.
Raba inayozunguka injini, kati ya mabati na mwili wa gari. Raba hii huzuia hewa ya moto ya chini isipande kuvutwa tena na feni. Ikiwa imekatika, injini hupumua moshi wake yenyewe.
Raba za plagi, zinazoziba matundu ya mabati.

Badili pia mipira yote ya petroli. Mpira wa zamani hupasuka, petroli ikadondoka juu ya injini ya moto, na gari likateketea lote. Kila mpira ufungwe kwa klipu. Kichujio cha petroli kisiwekwe juu ya injini.

7. KUWASHA MARA YA KWANZA

Tia oili lita 2.5, namba 20W-50 au 15W-40 yafaa kwetu. Toa plagi, uzungushe injini kwa starta mpaka taa ya oili izime. Ndipo urudishe plagi na kuwasha. Nyaya za plagi zifuate utaratibu wa 1-4-3-2. Pointi ziwe na mwanya wa milimita 0.4.

Ikiwa kemshafti ni mpya, injini iende kwa mwendo wa mizunguko kama 2,000 kwa dakika 20, isiachwe ikilegea. Baada ya kilomita 500 mwaga oili, osha chujio la waya, upime valvu tena. Katika kilomita hizo za kwanza usipakie viazi, wala usikanyage mpaka mwisho.

Baada ya siku chache za mwendo, tazama plagi. Rangi ya kahawia au kijivu ni nzuri. Masizi meusi ni dalili ya petroli nyingi, jambo la kawaida mlimani kwa kuwa hewa ni nyepesi; badili jeti kuu ya kabureta, utie ya nambari ndogo kidogo. Lakini rangi nyeupe ni hatari, maana petroli ni chache na injini inaungua. Kwa sababu hiyo, ukienda Mombasa rudisha jeti ya kwanza.

8. DESTURI ZA KILA SIKU

Kila asubuhi pima oili na kuutazama mkanda wa feni. Ukiubonyeza kwa kidole gumba, ushuke kama milimita 15. Ukilegea, toa pete moja kati ya nusu mbili za puli, uiweke nje. Chukua mkanda wa akiba siku zote.

Taa nyekundu ya dainamo ikiwaka njiani, simama papo hapo. Pengine mkanda umekatika, basi feni imesimama. Gari la maji lingekupa dakika chache, hili halikupi.

Kila kilomita 5,000 badili oili, osha chujio, upime valvu. Ukiona valvu moja inazidi kubana kila upimapo, hasa ya silinda ya 3, fungua hedi mapema. Valvu hiyo inarefuka, na karibu itakatika.

Barabara zetu za murramu zina vumbi jingi. Kichujio cha hewa chenye oili ndani kioshwe mara matope yanapojikusanya chini yake, na tena mara nyingi wakati wa kiangazi.

Mwisho, upandaji mlima. Feni hufuata mwendo wa injini. Ukipanda kutoka Sagana kuelekea Karatina kwa gia ya 4, injini ikigugumia, feni huzunguka polepole wakati joto ni kubwa kabisa. Shuka gia ya 3 mapema, hata kama kelele zitaongezeka. Kelele haziui injini, joto huiua.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mgandamizo wa silinda huko Nanyuki husoma chini kuliko namba ya kitabuni?
2. Silinda moja ina mgandamizo mdogo. Ukitia oili, namba haipandi. Ugonjwa uko wapi?
3. Fundi anataka kuacha mabati madogo ya chini kwa kuwa yana kutu. Utamjibu nini?
4. Krenki imegoma kuzunguka baada ya kukaza nati ya tatu. Utafanya nini?
5. Mzigo ni magunia ya viazi na njia ni ya kupanda. Utachagua gia gani, na kwa nini?

Mwenye kuyajibu haya bila kutazama nyuma yuko tayari kuchukua daftari na kwenda bandani. Aanze na puli ya nyuma.